Oili Kuvuja Kwenye Ndege Ndogo: Kutafuta Chanzo, na Kujua Ipi ya Kuvumilia

Injini ya Cessna 172 hupozwa kwa hewa, na vyuma vyake hutanuka na kusinyaa kila safari. Tone moja au mawili chini ya pua ya ndege si ajabu. La kushtua ni tone lililoongezeka.

Wengi hubadilisha gasketi iliyo karibu na palipolowa, na oili huendelea kuvuja. Angani, hewa huingia kwa mbele, hushuka kati ya silinda na kutokea nyuma kwa chini, ikiisukuma oili. Chanzo basi hutafutwa juu na mbele ya pale palipolowa.

Injini ikishapoa, funika magneto (mitambo inayotoa cheche za kuwashia injini) na altaneta, ioshe kwa spiriti nyeupe, uikaushe kabisa. Iwashe dakika chache, uizime, uchungulie kwa tochi. Pakiwa bado pakavu, paka unga wa talki kwenye viungo unavyovishuku, ruka mzunguko mmoja wa uwanja, kisha uangalie mchirizi unapoanzia.

Kwenye injini za Lycoming, zilizo kwenye 172 nyingi, anza na gasketi za vifuniko vya roka (mikono inayofungua vali), sili za mirija ya pushrodi (vijiti vinavyosukuma roka) na vipande vya mpira kwenye mirija inayorudisha oili kutoka kwenye silinda. Mpira huo hukauka kwa joto. Usikaze skrubu za vifuniko kupita kiasi: kifuniko hupinda, na uvujaji huzidi.

Oili kwenye kioo cha mbele mara nyingi hutoka kwenye sili ya mbele ya krankshafti (mhimili unaozungusha propela) au, kama propela ni ya kubadilisha pembe, kwenye kitovu chake. Kabla ya kununua sili, kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hata kwa kiota cha nyigu, shinikizo la ndani huweza kuisukuma sili mpya itoke.

Tumbo la ndege likichafuka, mara nyingi ni bomba hilohilo, kwa sababu ya kujaza kupita kiasi. 172S, toleo mojawapo la 172, hubeba kwati 8, yaani lita 7.6 hivi, na kwati ya juu aghalabu hutemwa nje. Kwa safari fupi 6 au 7 zinatosha. Chini ya 5 usiruke. Ikiendelea kutema, pima kompresheni (uwezo wa silinda kuzuia hewa isivuje), maana huenda ringi za pistoni zimechakaa.

Andika oili unayoongeza na saa ulizoruka. Kikomo cha Lycoming kwa injini ya nguvu farasi 180 ni takriban kwati 0.58 kwa saa, lakini injini iliyokuwa ikila kwati moja kwa saa 10 na sasa inaila kwa saa 4 ichunguzwe, hata kama kikomo bado kiko mbali.

Oili inayofikia ekzosi, inayotoka kwenye hosi za shinikizo, kwenye kitako cha filta au kwenye ufa wa bodi ya injini haivumiliki. Ndege ibaki chini mpaka fundi mwenye leseni aikague.

Ile ya kuvumilia, tandika kadibodi safi chini ya injini kila unapoegesha, na ufute tumbo la ndege baada ya kuruka. Vumbi la viwanja vya murramu likigandia oili, huficha nyufa.