Ukoo wa mama si utawala wa mama

Juzi tena, kwenye kikao cha mirathi huku Newala, kijana aliyekuja kumzika baba yake kutoka Dar es Salaam alinikatisha: "Si huku kwenu mali ni za wanawake?" Nimeandika mihtasari ya vikao vya ukoo kwa miaka mingi, na swali hilo limenichosha.

Hapana. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuatwa kwa mama. Mmakonde ni wa litawa, yaani ukoo, la mama yake. Lakini mwenye kauli kikaoni ni mwanamume: mjomba. Ndiye aliyeulizwa mpwa alipopelekwa jando, alipoposwa, alipokosa. Damu hupita kwa mama, kauli hutoka kwa kaka yake. Ndiyo maana bibi aliyezaa ukoo mzima bado alisema, "Mngojeni kaka."

Sasa hili la "anko" na "anti". Baba mdogo anko, mjomba anko, hata mwenye nyumba anko! Kaka wa baba yako ni baba, ila ukoo wake si wako. Kaka wa mama yako ndiye ukoo wako mwenyewe. Mama mdogo ni mama, na wanawe ni kaka na dada zako. Ukiwaita binamu umewatoa nje ya nyumba. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, mtu wa ukoo mwingine, na kwa sababu hiyo mila ziliruhusu muoane naye. Kikaoni nauliza, "Huyu ni nani kwako?" Najibiwa, "Anko tu." Hapo nusu saa imekwenda kabla hatujajua nani azungumze kwa niaba ya nani.

Kwenye mali ndiko kugumu. Shamba la mihogo lilichoka, likaachwa, likafyekwa jingine; hapakuwa na cha kugombea. Mkorosho hudumu miaka na miaka, na kila msimu una fedha. Watoto waliopalilia na baba yao wanautaka. Wapwa wanasema mjomba ni wao, na kwa mila mali yake ni yao. Mahakama ya Mwanzo haiwasaidii sana wapwa: kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilifuata koo za baba. Marehemu wengi huku ni Waislamu, na Mwislamu akiacha watoto, mtoto wa dada yake hana fungu.

Je, ni haki? Kwa watoto, nasema ndiyo, jasho lao limo shambani. Kisha nawatazama wapwa, nasita. Maana mpwa akikamatwa na polisi, mjomba bado anaitwa, bado anatafutwa siku ya posa, bado anadaiwa ada ya shule. Mali tumeihamishia kwa watoto, mizigo ya wapwa tumemwachia yeye. Sijaona kikao kilicholimaliza jambo hili, na vyangu vimo.

Yule kijana nilimwuliza, "Mjomba wako yupo hapa?" Akanyoosha kidole kwa mdogo wa marehemu, baba yake mdogo, aliyekuwa akiongoza kikao kwa niaba ya litawa la marehemu. Mjomba wake hasa alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Alikuwa ametoka Masasi usiku uleule, kwa ajili yake.