Kabla hujanunua pikipiki ya Honda XL au Yamaha DT iliyotumika, uliza ililala wapi

Mteja akinipigia simu kwamba ameona Honda XL 125 nzuri Ngamiani, Tanga, huwa namuuliza kwanza ililala wapi. Kilomita hazinishughulishi sana, maana waya wa spidimita hukatika na mita yenyewe hubadilishwa kwa dakika chache. Mahali ilipoishi panaonekana kwenye chuma.

Iliyolala Sahare au Pangani, pwani, imekula chumvi. Mulika tochi ndani ya tangi. Ukiona kutu, ujue itashuka hadi kwenye kabureta na kuziba jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha petroli, uanze kuhangaika na injini isiyotulia. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Na rimu ya mbele ya XL 125S ni inchi 21, wakati bodaboda nyingi zinatumia 17 au 18, kwa hiyo ulizia tairi madukani kabla hujatoa pesa.

Iliyotoka Amani, milimani Usambara, imechoshwa na vilima na mizigo. Ijaribu barabarani kwa gia ya juu, vuta mafuta. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Halafu nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukinasa katikati, beringi za shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu, zimechimbika kwa mashimo ya njiani.

Hapo hapo shingoni nakuomba ukawie. Niliwahi kukwangua rangi mpya ya DT iliyong'aa, nikakuta ufa uliochomelewa na kufunikwa. Mnunuzi alikuwa ameshalipa, na mpaka leo inaniuma. Fremu ya namna hiyo ikikatika kwenye mteremko, mtu anakufa. Namba ya chesisi nayo hugongwa shingoni: ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesagwa, ondoka.

Injini uikute ya baridi. Nenda asubuhi, na ukiigusa ukakuta ina joto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa huficha ugumu wa kuwaka. XL ikitoa moshi wa bluu inakula oili. DT 125 ya zamani huchoma oili pamoja na petroli kwa maumbile yake, kwa hiyo moshi kidogo usikutishe. Badala ya moshi, sikiliza mguu wako: kiki ikishuka laini bila kukupinga, pistoni na ringi zimekwisha.