Mahindi mabovu si chakula cha mbwa, na paka si mbwa mdogo

Mtu akileta mbwa au paka anayeumwa kwenye kliniki yetu hapa Mbeya, kabla sijamgusa mnyama huwa nauliza maswali mawili. Choo chake kikoje? Na jana jioni alikula nini? La kwanza watu hulijibu kwa aibu kidogo. La pili hulijibu haraka: "Ugali, daktari. Kama kawaida." Kazi yangu huanzia kwenye hiyo kawaida.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, mama mmoja aliniletea dume la miaka minne, mlinzi wa nyumba yake. Lilikuwa halijala siku tatu, linatapika, na choo chake cheusi kama lami. Nilipofunua mdomo, fizi zilikuwa za njano, na weupe wa macho nao umegeuka njano. Nikauliza habari za ugali. Mama akafungua mfuko aliokuja nao, akanimiminia kiganjani unga wa kijivujivu wenye vipande vya punje. Ulinuka kama chumba kilichofungwa masika nzima. "Haya ni yale tuliyoyachambua, daktari. Mazuri tumesaga ya kwetu, haya mabovu ndiyo ya mbwa."

Mbwa yule alikufa kesho yake. Ini lilikuwa limekwisha. Na yule mama hakufanya jambo geni. Kuanzia Mbozi mpaka Mufindi, baada ya kupukuchua, mahindi huchambuliwa marundo mawili, na rundo la pili huenda kwa mbwa na kuku. Ndiyo maana naandika haya sasa, magunia yakiwa bado hayajasagwa.

Kinachoua ni sumukuvu. Kuvu huota kwenye mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu, huacha sumu ndani ya punje, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Ugali wa mahindi mabovu, hata ungeusonga saa nzima, unabaki na sumu yake. Mbwa ni kati ya wanyama wanaodhurika upesi zaidi, maana ini lake hulemewa na kiasi kidogo tu. Tena yeye anakula unga huohuo kila siku, habadilishi. Mwaka 1974, sumukuvu ya mahindi ilipoua watu zaidi ya mia magharibi mwa India, mbwa wa vijiji vilevile nao waliugua, matumbo yamejaa maji na macho yamegeuka njano. Kwetu, mwaka 2016, sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Na anayedhani chakula cha paketi kinamwondolea hofu ajue kwamba mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani, mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo mbwa akianza kuwa na macho ya njano, mtazame yeye, kisha kaangalie ghala lako wewe.

Nyanda za juu tuna kuvu mwingine pia, anayependa baridi na mvua. Huyu huanzia kwenye ncha ya hindi na kushuka, akiacha ukungu wa waridi au mwekundu. Sumu yake huchafua tumbo. Mnyama hukataa chakula, na akilazimika kula, hutapika. Mbwa anayenusa ugali na kugeuza uso mara nyingi watu husema anaringa. Mimi nasema chukua unga ule uunuse na wewe.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha kujaza theluthi, weka kijiko au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani, juu ya turubai na si kwenye udongo. Yaliyokwisha kuota ukungu yafukie au yachome. Najua inauma kutupa debe zima la mahindi ambayo umeyalimia.

Sasa, mtu asielewe kwamba ugali ni mbaya kwa mbwa. Si mbaya. Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka, na tumbo lake limebadilika kwa kula makombo yetu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi, yule Waingereza wanayemwita "wolf", ambaye ndiye asili yake. Lakini wanga wenyewe lazima uive. Ule uji wa pumba unaokorogwa mara mbili tu na kuepuliwa hupita utumbo mwembamba bila kusagika, ukafika utumbo mpana na kuchachuka huko. Matokeo yake ni gesi, tumbo kunguruma, na choo laini kinachojaza ua mzima. Wenye mbwa huniambia, "Anakula sana lakini hanenepi." Hanenepi kwa sababu nusu ya alichokula unakizoa asubuhi.

Na ugali peke yake haumtoshi. Nusu ya sufuria ikiwa ugali wa dona ulioiva, au viazi, au wali, karibu theluthi iwe kitu cha nyama au samaki: dagaa, usipa wa Ziwa Nyasa, mapupu ya buchani yaliyochemka, mayai. Dagaa nawapenda kuliko vyote kwa sababu mbwa huwala na mifupa yao, akapata madini ya chokaa (kalsiamu) ambayo nyama tupu haina. Waoshe vizuri watoke mchanga na chumvi. Nafasi inayobaki weka boga. Boga lililochemshwa na kupondwa ni dawa ninayoisema mpaka watu wananicheka: nyuzinyuzi zake hunyonya maji mbwa akiharisha, na humlainishia choo akifunga. Isitoshe, bakteria wazuri wa utumbo mpana huzichachusha na kutengeneza asidi ambazo seli za utumbo huzitumia kama chakula chao. Vitunguu usitie kabisa, wala vitunguu swaumu, kwa mbwa na kwa paka, hata kama ni rojo tu lililobaki. Huvunja chembe nyekundu za damu.

Bakteria hao ndio sababu nyingine ya wanyama wengi kuharisha bila ugonjwa wowote. Umebadilisha chakula ghafla. Mbwa aliyezoea dona na dagaa, siku ya harusi akamwagiwa pilau, ngozi za kuku na mafuta ya nyama, kesho yake anaharisha, na akiwa na bahati mbaya kongosho lake linavimba, jambo linaloweza kumuua. Ukitaka kumhamishia chakula kingine, changanya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10.

Kuna vitu ambavyo tumbo haliviwezi hata kidogo. Cha kwanza huku kwetu ni gunzi. Watu wanakula hindi la kuchoma, wanatupa gunzi lenye chumvi na harufu nzuri, mbwa analitafuna vipande vitatu na kumeza. Gunzi haliyeyuki. Niliwahi kutoa kipande kirefu kama kidole gumba kwenye utumbo wa jike la kule Igawilo, na hindi lenyewe lilikuwa limeliwa wiki mbili kabla. Dalili zake ni kutapika kila anachokunywa, choo kukata, na kukunja mgongo ukimgusa tumbo. Hapo usisubiri kesho. Rungwe na Njombe shida hiyohiyo huletwa na kokwa la parachichi, na mifupa ya kuku iliyopikwa ina shida ya kwake, kwani hupasuka vipande vyenye ncha. Mfupa mwingi hata usiochoma hufanya choo kiwe cheupe na kigumu kama chaki, mbwa akachuchumaa asubuhi nzima bila kitu.

Machinjioni nako kuna desturi ninayoomba iishe, ya kumtupia mbwa mapafu na maini yaliyokataliwa kwa sababu yana malengelenge ya maji. Yale malengelenge ni watoto wa tegu. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na choo, huangukia majani na mboga, yakarudi kwa kondoo, mbuzi na kwa watoto wetu. Vichwa vya mbuzi aliyekuwa akizunguka kama aliyelewa ni vilevile, lengelenge liko ubongoni. Nyama yenye malengelenge ifukiwe au ichomwe. Utumbo na mapupu mengine yachemke nusu saa nzima ndipo mbwa apewe. Dawa ya minyoo mbwa mkubwa apate kila miezi mitatu. Mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki mbili, maana huzaliwa nayo tayari.

Paka ni habari nyingine, na nasikitika kwamba hata nyumba zinazompenda mbwa humlisha paka kana kwamba ni mbwa mdogo. Paka ni mla nyama kweli. Mate yake hayana kimeng'enya cha wanga, na mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini A kutokana na karoti au boga kama sisi. Zaidi ya yote anahitaji taurini, kirutubishi kinachopatikana kwenye nyama na samaki, hasa moyo. Akiikosa kwa miezi mingi, nyuma ya jicho huharibika akawa kipofu, na moyo hulegea na kupanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ugonjwa huo wa moyo ulitokana na chakula chenye taurini pungufu, na paka waliowahiwa kuongezewa walipona.

Paka wa ghalani, anayekamata panya wake, hujitosheleza mwenyewe. Ninayemhofia ni paka wa ndani anayepewa ugali na mchuzi. Huyu robo tatu ya sahani yake inapaswa kuwa nyama, moyo wa ng'ombe, firigisi au dagaa. Pika, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Ila maji uliyochemshia usimwage. Taurini hutoka kwenye nyama ikaingia kwenye maji, kwa hiyo supu ile irudishe kwenye sahani. Maziwa ya Rungwe ni matamu, lakini paka wengi wakubwa hawana tena uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na wengi wanaoletwa kwangu wakiharisha hutibiwa kwa kuondolewa kikombe cha maziwa tu.

Mbwa mkubwa akiharisha lakini bado mchangamfu, mpe maji safi kidogokidogo mara nyingi, na kwa siku tatu umpe wali laini sehemu mbili kwa sehemu moja ya kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, milo minne midogo kwa siku. Usifungue droo ukampa vidonge vyako. Dawa za maumivu za binadamu hutoboa tumbo la mbwa, na parasetamo humuua paka.

Choo chenye damu, kutapika kusikokoma, fizi za njano au nyeupe, mtoto wa mbwa anayeharisha, paka ambaye hajala siku mbili, hao waletwe siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa mwenye choo cha damu kinachonuka sana huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, ambao hautibiwi kwa chakula, na chanjo yake huanza akiwa na wiki sita hadi nane. Paka mnene asiyekula siku mbili tatu ini lake hujaa mafuta.

Mkija, njooni na choo cha asubuhi kwenye kopo safi lenye mfuniko, na konzi moja ya unga mnaompikia. Msione haya. Vitu hivyo viwili hunieleza mengi kabla mnyama hajapanda mezani.