Seli za NKT ni nini, na mafuta yanaingiaje kwenye mambo ya kansa?

Ukisikia habari za seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, kwa kawaida utaambiwa zinakagua vipande vya protini, yaani seli inakatakata protini zilizomo ndani yake, inaning'iniza kipande nje kwenye kishikilio kinachoitwa HLA, seli T ikipita inakagua kama kuna kigeni. Sasa kuna kundi dogo linaitwa NKT ambalo protini hizo halina habari nazo, lenyewe linasoma lipidi, yaani mafuta ya kwenye seli, hasa zile zenye sukari kichwani. Na sio mafuta ya kula jamani, maana hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeshamsikia mtu anahubiri parachichi mbili za Rungwe kwa siku "zinaamsha NKT". Kula kwa raha zako, ila hazifanyi kazi hivyo.

Kishikilio cha hizi kinaitwa CD1d. Ndani kina vishimo viwili virefu visivyopenda maji, mikia miwili ya lipidi inazama humo na kichwa cha sukari kinabaki nje, ndicho NKT inachokigusa pamoja na CD1d yenyewe. Kina ndugu zake pia: CD1b inashika mafuta ya ukuta wa bakteria wa TB, hilo limejulikana tangu 1994, na kwa sisi wa Mbeya ambako NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wanaichunguza TB kila siku sio jambo la mbali.

Kwenye kansa stori ilianzia baharini. Watafiti wa Kirin, ndio, wale Wajapani wa bia, walipata kwenye sponji wa bahari lipidi iliyopunguza uvimbe kwa panya, baadaye ikatengenezwa maabara ikaitwa alfa-galaktosilseramaidi, na 1997 ikajulikana kumbe inafanya kazi kwa kuamsha NKT kupitia CD1d. Zikiamka zinamwaga interferoni gama, kemikali ya kuita kinga, ndani ya masaa tu, seli za NK (askari wengine wa kinga, sio NKT, watu wanachanganya sana) na seli T za kawaida zinapata nguvu ya kuushambulia uvimbe. Uvimbe wenye CD1d zinaweza kuuua zenyewe, lakini uvimbe mwingi hauna, hapo NKT zinawageukia makrofeji, seli nyingine za kinga, wanaoulea uvimbe.

Tatizo panya anazo NKT nyingi, hasa kwenye ini, binadamu kwenye damu mara nyingi hazifiki hata asilimia 1 ya seli T, kwa hiyo kilichofanya kazi kwa panya kwa watu kikapwaya. Ndio maana siku hizi wanazikuza maabara kwa wingi, Houston wakaziongezea kipokezi cha kutambua GD2, alama iliyo juu ya seli za kansa hiyo, na kuwapa watoto wenye nyuroblastoma (kansa ya neva ya watoto) kwenye majaribio. Halafu CD1d karibu inafanana kwa watu wote, tofauti na HLA, kwa hiyo wanajaribu pia kutumia seli za mtu mwingine bila kuhangaika kutafuta ndugu anayeendana na mgonjwa.