Je, wajua ni nani aliyeeleza kwa nini kiini cha urani, yaani sehemu ya katikati ya atomu ya madini hayo, hupasuka?

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida, unapita Bahi. Mvua zikinyesha, maji hutuama mbugani na mpunga hustawi. Kiangazi ardhi hukauka ikafanya mipasuko. Humo, na mbele yake Manyoni, watafiti wa madini wamekuta urani. Maji yaliyopita kwenye miamba ya itale yaliibeba kidogo kidogo, jua likayakausha, yenyewe ikabaki karibu na uso wa ardhi. Ni udongo unaoweza kuushika mkononi. Sasa nguvu ya nyuklia inayosemwa kila siku imejificha wapi humo?

Aliyetupa jibu ni mwanamke, Lise Meitner, mzaliwa wa Vienna, Austria, mwaka 1878. Alipata udaktari wa fizikia mwaka 1906, akaenda Berlin mwaka uliofuata na kuanza kazi na mkemia Otto Hahn. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye maabara za juu, kwa hiyo alipewa karakana ya zamani ya seremala, chini ya jengo. Hakuondoka. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, alipiga picha za eksirei za askari waliojeruhiwa, kisha akarudi kwenye utafiti. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza Ujerumani kuwa profesa wa fizikia.

Alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Julai 1938, akiwa na miaka 59, ilimbidi awatoroke Wanazi. Alivuka mpaka kwenda Uholanzi akiwa na marki 10 tu na pete ya almasi aliyopewa na Hahn, ya kuhonga walinzi ikibidi. Akaishia Sweden.

Desemba ile Hahn alimwandikia barua ya mshangao. Yeye na Fritz Strassmann walikuwa wameipiga urani kwa nyutroni, chembe ndogo zisizo na chaji, wakakuta bariamu, elementi nyepesi zaidi. Kiini cha urani kina protoni 92, yaani chembe zenye chaji chanya, cha bariamu 56. Bariamu hiyo imetoka wapi? Krismasi ile Meitner alikuwa Kungälv, mji wa Sweden, pamoja na Otto Frisch, mwanafizikia, mtoto wa dada yake mkubwa. Kwetu tungesema alikuwa mama yake mdogo. Walitoka kutembea kwenye theluji, wakaketi juu ya gogo, akatoa vipande vya karatasi na kuanza kupiga hesabu.

Ukitaka kuona walichokiona, weka maji kwenye sahani, udondoshee mafuta ya alizeti mpaka lipatikane tone pana. Lishike kwa njiti mbili za kiberiti, ulivute taratibu huku na huku. Tone linarefuka, linafanya kiuno chembamba, halafu ghafla yanakuwa matone mawili. Kiini cha urani nacho ni kama tone. Kuna nguvu inayokishikilia pamoja, lakini protoni zake 92 zinasukumana, na msukumo huo unakaribia kuishinda nguvu hiyo. Nyutroni moja ikiingia, kiini kinatikisika, kinarefuka, kiuno kinakatika, na vipande viwili vinatengana kwa kasi kubwa. Kimoja kikiwa bariamu yenye 56, cha pili ni kriptoni yenye 36. Jumlisha: 92.

Meitner akaenda mbali zaidi. Vipande hivyo vikijumlishwa ni vyepesi kuliko kiini kizima, kwa takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni. Alitumia kanuni ya Einstein kwamba uzito unaweza kugeuka nguvu (Meitner alikuwa amemsikiliza Einstein akihutubia Salzburg mwaka 1909), na uzito huo uliopotea ukalingana sawasawa na nguvu inayotoka. Kiini kimoja tu, ambacho jicho halikioni kabisa, kinaweza kurusha punje ya mchanga inayoonekana kwa macho. Maelezo yao yalichapishwa Februari 1939.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 akapewa Hahn peke yake. Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake na hakuipata hata mara moja. Kwangu hiyo ni dhuluma: kuikuta bariamu ni kazi kubwa, lakini bila mtu wa kusema imefikaje pale, ingebaki fumbo. Alipoombwa kujiunga na utengenezaji wa bomu la atomiki, alikataa katakata. Alifariki mwaka 1968 huko Cambridge, na elementi ya 109 inaitwa meitneriamu kwa heshima yake.

Basi udongo wa Bahi unaweza kulipuka? Hapana. Katika kila atomu 1,000 za urani ya asili, zipatazo 7 tu ni za aina inayopasuka kwa urahisi, nazo zimetawanyika ndani ya mchanga na chokaa. Ili mpasuko mmoja uzae mwingine bila kukatika, hizo hukusanywa na kupangwa kwa ustadi mkubwa kiwandani. Cha kuangalia kwa makini pale uchimbaji utakapofanyika ni vumbi na maji ya visima, kwa kuwa urani ikinywewa hudhuru figo, na inapochakaa taratibu ardhini huzaa radoni, gesi yenye mionzi isiyo na rangi wala harufu.