Mala ya mti huweza kuelea, acheni kuilowesha

Wiki hii wamenijia watatu, kila mmoja na mala yake, ule mshipi wa shanga za kuhesabia sala, imeharibika kwa maji. Kazi yangu ni kutunga shanga: tasbihi, rozari, na zaidi mala za Wahindu. Huyo wa tatu, mama wa makamo, aliimimina yake mezani kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Uzi wa pamba umevimba, mafundo yameshikana, na shanga tatu za mti wa tulsi zimepasuka kuanzia tunduni.

"Fundi, nimeilaza kwenye bakuli la maji usiku kucha, inaelea tu. Umeniuzia feki."

"Na baadaye mama ukaianika juani?"

"Sasa ningeikaushaje?"

Hapo ndipo ilipopasukia. Mti ukinywa maji hutanuka, ukikaushwa kwa pupa hujikunja na kuachia ufa.

Hiki kipimo cha maji kimenichosha. Kilianzia kwenye shanga za rudraksha: eti halisi huzama, ya bandia huelea. Sasa kila kitu chenye tundu kinatiwa bakulini. Kwanza rudraksha si mbao. Ni kokwa ya tunda la buluu la mti wa jamii ya Elaeocarpus, unaoota Nepal na Indonesia. Ndani kuna vyumba vya mbegu, na vyumba vikikauka hubaki na hewa. Kwa hiyo kokwa mpya nzito huzama, ya zamani iliyokauka sana huweza kuelea, na zote mbili ni halisi. Tena shanga za plastiki ngumu zinazomiminwa kwenye kalibu huzama vizuri sana. Yaani kipimo hiki kinaipitisha bandia na kuikataa halali!

Kwa mbao ndiyo usiseme. Mtu wa pwani anajua: kipande cha mpingo kikianguka majini kimekwenda, cha mvule kinaelea, na sijasikia mtu akisema mvule ni feki. Tulsi ni jamaa wa mrihani wetu. Shina lake ni jembamba na jepesi, na shanga hukerezwa kutoka kwenye vijiti vilivyokwisha kukauka, kazi wanayoishi nayo mafundi wengi wa Vrindavan, India. Ndiyo maana nyingi ni ndogo na rangi zake zinapishana. Mimi nikiona "tulsi" nene kama korosho, zote rangi moja, ndipo ninapoanza kushuku.

Ukitaka kujua, tazama tunduni kwa kioo cha kukuza. Mti una nyuzi, na nyuzi zinaingia hadi ndani. Plastiki ina mshono wa kalibu. Rangi ya kupaka huishia mdomoni mwa tundu, ndani kunabaki kweupe. Kwa sandali, kwaruza ndani ya tundu kwa sindano kisha unuse: harufu ya kweli imo ndani ya mti, ya kupulizia iko juu juu na baada ya miezi michache imekwisha.

Kuhusu sandali nyekundu, wanaolalamika kuwa hainukii wana haki ya kushangaa, lakini hawakuibiwa. Mti huo ni Pterocarpus santalinus wa kusini mwa India, ndugu wa mninga wetu, wala hauhusiani na msandali wenye manukato. Nao, kwa wapenzi wa bakuli, huzama.

Kuna wanaoona mala ndani ya kifuko wakadhani ni hirizi. Ni ya kuhesabia mantra, maneno ya sala yanayorudiwa. Kifuko kinaitwa gomukhi, mkono unaingia humo, shanga zinavutwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati, na cha shahada kinakaa nje. Ile ya tulsi inayobana shingoni, kanthi, ni kitu kingine: alama ya mfuasi wa Vishnu, mungu wa Wahindu.

Wengine huniambia uzi wangu mbovu kwa sababu umekatika ndani ya mwaka. Muumini wa ISKCON, wale Hare Krishna, aliyekula kiapo huzungusha mala ya shanga 108 mara 16 kwa siku, yaani anavuta shanga mara 1,728. Uzi gani huo usichoke? Badilisheni kila mwaka, pamba, si nailoni, maana nailoni inasaga tundu. Usafi ni kitambaa kikavu tu, mafuta ya mkono yanatosha kuing'arisha.

Na hili la mwisho, kwa wale wanaorudi kulalamika kuwa shanga zimezidi 108: ndiyo, ziko 109. Ile kubwa yenye kishada ni meru, haihesabiwi wala hairukwi. Ukiifikia unageuza mala na kurudi ulikotoka. Mkiniletea mala ya kutungwa upya, leteni na meru yake. Juzi mtu kaitoa akaitupa, "imezidi", na mpaka sasa sijapata ya kufanana nayo.