Chupa ya ng'ombe, paka wa kilo tatu

Wiki hii nimeletewa paka anayezunguka. Yani anataka kwenda mbele anajikuta amepinda kushoto, kichwa kimelala upande, macho yanachezacheza, akisimama anaanguka. Mama mwenye paka akanieleza kwamba paka aling'atwa na mwenzie mguuni, pakavimba, akamwita kijana wa mtaani anayechoma sindano ng'ombe na mbuzi za watu, kijana akaja na Penstrep, antibayotiki ya sindano ya mifugo, akamchoma ml 2 kila siku kwa siku tano. Nikamuuliza mama, paka ana kilo ngapi? Hajawahi kumpima. Nikamweka kwenye mzani, kilo 3.

Tupige hesabu hapa maana tatizo lote liko hapa. Penstrep nyingi za madukani kila ml moja ina penisilini uniti 200,000 na streptomaisini mg 200. Ml 2 ni mg 400, gawa kwa kilo 3 unapata zaidi ya mg 130 kwa kilo, wakati dozi yenyewe inazungukia mg 10 kwa kilo, maana yake huyu paka alitakiwa apate kama mg 30 tu, hata robo ya ml haifiki. Kijana sio mtu mbaya, amezoea ng'ombe wa kilo 300 na ml 2 machoni pake ni tone. Ila streptomaisini inashambulia sikio la ndani, pale kwenye usikivu na kwenye kujua juu ni wapi chini ni wapi, na paka ndio wepesi kuumia kuliko mbwa. Vile vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Na kinachoniuma zaidi, jipu la kung'atwa la paka dawa yake ya kwanza ni kulitumbua, usaha utoke, lisafishwe vizuri, alafu ndio amoksilini ya kawaida. Streptomaisini haikuwa na kazi yoyote pale.

Gentamisini ni ukoo huohuo, yenyewe inapenda sana kuharibu figo. Naiona mno kwa vitoto vya mbwa vyenye parvo, mtoto anatapika anaharisha damu, maji yamemwisha mwilini, mtu anamchoma gentamisini kabla hajamwekea dripu. Parvo ni kirusi kwanza, antibayotiki inazuia tu bakteria wa utumbo wasiingie kwenye damu, na figo ambayo haina maji ndio inayokufa haraka. Maji kwanza. Na ukilazimika kuitumia, dozi ya siku inachomwa mara moja, usiigawe asubuhi na jioni, figo inahitaji muda wa kupumua.

Nyingine ni enrofloksasini. Madukani utaikuta ya 10%, hiyo ni ya ng'ombe, mg 100 kwenye kila ml. Paka usivuke mg 5 kwa kilo kwa siku, ukivuka unachezea retina ya jicho, mboni zinabaki zimetanuka na paka anaanza kugonga miguu ya viti, mara nyingi haoni tena maisha yake yote. Paka wa kilo 4 ni mg 20, kwenye ile ya 10% ni ml 0.2, sasa niambie nani anaweza kupima ml 0.2 na bomba la ml 10? Tafuta ile ya 2.5%, hapo ni ml 0.8, unaiona kwa macho, na haiunguzi nyama kama ile kali. Ukihitaji kupima kidogo sana tumia bomba la insulini la ml 1, lile la alama 100, kila alama ni ml 0.01. Mbwa anayekua msimpe enrofloksasini bila sababu nzito, inaharibu gegedu za viungo, na hawa wa mbegu kubwa wanakua mpaka mwaka na zaidi.

OTC sasa, yani oksitetrasaiklini. Mbwa ana homa ya kupe, anachomwa OTC ya 20% mara moja, kesho anakula, kila mtu anafurahi, wiki kadhaa baadae anarudi anatoka damu puani. Homa ya kupe ile ya erlikia, bakteria anayeletwa na kupe, inataka doksisaiklini ya kumeza, mg 10 kwa kilo kwa siku, siku 28 mfululizo, na apewe na chakula na maji. Najua vidonge vinachosha na sindano inaonekana ina nguvu zaidi, nimeambiwa mara nyingi "dokta mchome tu", lakini kinachomtibu mbwa ni dawa kukaa mwilini muda wake.

Kuchoma kwenyewe: antibayotiki yoyote nyeupe kama maziwa itikise kwanza na kamwe isiingie kwenye mshipa wa damu, kwa hiyo ukishadunga vuta bomba nyuma kidogo, ukiona damu toa anza upya. Penisilini ya prokaini ikiingia mshipani mnyama anapata degedege hapohapo. Amoksilini yenye klavulaneti haitaki tone la maji, bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Paja la nyuma, nyuma ya mfupa, paacheni, pale inapita neva kubwa ya mguu na nimeona mbwa wanaoburuta mguu kwa ajili ya sindano moja, choma misuli ya mbele ya paja, au dawa ikiruhusu chini ya ngozi.

Alafu usiondoke. Kaa nusu saa. Mbwa akipata mzio mkali anatapika, anaharisha, fizi zinakuwa nyeupe, analala chini, paka yeye anajikuna uso, anavimba, anahema mdomo wazi. Adrenalini iwe mkononi, ile ya mg 1 kwa ml, mbwa wa kilo 10 ni ml 0.1 kwenye msuli. Asiyekuwa nayo kwenye begi asichome penisilini ya mtu.

Kama huna mzani wa wanyama, panda kwenye mzani wa bafuni ukiwa umembeba, alafu panda peke yako, toa.

Yule paka jana amekula mwenyewe, ameegemea ukuta ili asianguke. Nimepiga makofi nyuma yake, hakugeuka. Jumatatu namtoa damu tuone figo.